Damu Yangu Kwenye Barafu

Nilipokuwa kijana wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, niliambiwa, na nikaamini kwa moyo wangu wote, kwamba damu ya mtu ikitiwa kwenye friji ya watafiti, mwenye damu husikia baridi popote alipo. Aliyeniambia ni rafiki yangu mmoja, fundi wa redio, mtu aliyekuwa na jibu la kila swali hata kabla swali halijafika. Siku hiyo tulikuwa tumetoka pamoja kwenye ukumbi wa mtaa, ambako watafiti waliokuja na meza za kukunja walikuwa wametutoa damu kidogo. Nikisema kidogo, leo najua ilikuwa kama kijiko kimoja cha chai. Wakati ule niliona wamejaza ndoo, na sindano yenyewe ilikuwa ndefu kama spoku ya baiskeli.

"Sasa hiyo damu inaenda kugandishwa, buda," akaniambia. "Na damu haimsahau mwenyewe. Ikishika barafu huko, wewe hapa utatetemeka. Utakuja kuniambia."

Wiki chache baadaye nilitetemeka. Nilitetemeka mpaka kitanda kikahama kutoka ukuta huu kikaenda ule. Mwaka uliofuata, majira yaleyale, nikatetemeka tena, nikahitimisha kwamba watafiti wana msimu wao wa kufungua friji na kuhesabu mali. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nikaendelea kuamini hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu wa kazi niliyokuja kuifanya.

Kazi yenyewe mnaijua, maana ndiyo mliyo nayo sasa. Siku ya kuniaga, mkiwa mmeshika vipande vya keki, mliniomba niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye mafunzo. Basi haya. Vyeo sitavitaja: havikuwa vingi, na kila kimoja kilifika kikihema kama mtu aliyepanda ghorofa ya sita. Mshahara nao tuuache upumzike. Ulifanya kazi ngumu.

Shule niliimalizia jioni, mtu mzima, kwenye darasa la shule ya msingi ambalo madawati yake yalitengenezwa kwa ajili ya watoto. Tulikaa magoti yakigusa masikio. Mwalimu wetu wa Biolojia alikuwa mtu mzuri lakini stima haikumpenda. Moyo wa binadamu tuliusoma wiki ambayo taa zilikataa kabisa, kwa hiyo mpaka leo moyo naujua kwa kuupapasa. Cheti nilikipata. Kituo cha utafiti kilichokuwa kikianza kazi mitaani kwetu kilitafuta mtu anayejua milango ya Mowlem na Dandora, na milango niliijua yote, mingine kwa sababu ilikuwa imewahi kufungwa usoni mwangu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sista Nafula. Alikuwa muuguzi, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na viatu vyeupe ambavyo matope ya Dandora yaliviogopa. Alinipa kijisanduku cha barafu, kile cha buluu chenye mkanda ulioshonwa kutokana na mkanda wa kiti cha gari. Bado kipo kwenye stoo, tafadhali msikitupe. Akaniambia niende mlango wa kwanza peke yangu, yeye atasimama pembeni aone.

Nilibisha hodi, nikasimama wima, nikaeleza utafiti wote kwa pumzi moja. Mama mwenye nyumba alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akafunga mlango polepole, kwa adabu kabisa.

"Unajua kosa lako?" Sista Nafula akaniuliza.

"Nimesema haraka, Sista."

"Umesimama. Umesimama kama mtu wa kukata stima. Huku kwetu mtu akisimama mlangoni amekuja kukata kitu au kudai kitu. Kaa kwanza. Usimwombe mtu damu ukiwa mrefu kuliko yeye."

Tangu siku hiyo nimekaa. Nimekaa kwenye viti, kwenye makreti ya soda, kwenye ndoo zilizopinduliwa, na mara moja juu ya gunia ambalo baadaye liligeuka kuwa mbwa. Nimekunywa chai ya kutosha kujaza bwawa la Nairobi na likamwagika. Nanyi mkitaka kujua kwa nini maswali yetu yanachukua asubuhi nzima, ndiyo sababu. Msiyafupishe.

Kanuni ya pili ya Sista ilikuwa hii: aliyechukua hurudisha jibu. Ukitoa damu ya mtu, au makohozi yake, au pumzi ya mtoto wake, utarudi umwambie ulichokiona. Hata kama hukuona kitu, utarudi umwambie hukuona kitu. Alisema mtu akikaa bila jibu hujitengenezea lake. Na hapo, vijana, ndipo penye kazi yetu halisi, maana majibu ya kujitengenezea niliyoyakuta kwenye milango ile yangejaza maktaba. Kwamba damu inauzwa ng'ambo kutengenezea rangi ya mdomo. Kwamba mate yakipimwa, mtu anakuwa bubu. Niliyapangua yote, moja baada ya jingine, kwa subira na kwa kicheko. Kuhusu damu ya watu wengine nilikuwa mwanasayansi. Kuhusu damu yangu, niliyotoa ukumbini kabla sijajua lolote, niliendelea kuwa mtu wa Mowlem. Kila mwaka msimu wangu ulipofika nilivaa sweta mbili na kunyamaza.

Kuna mzee mmoja wa Dandora aliyekuwa akiokota chupa kule dampo, na ndiye mlango mgumu kuliko yote niliyowahi kuibisha. Alikuwa na kikohozi cha kutikisa mabati. Alikataa kutoa makohozi mpaka aonyeshwe yanakokwenda, mwanzo hadi mwisho. Wengine kituoni walisema tumwache. Sista Nafula akasema, "Ana haki. Mleteni." Tukamleta. Tukampitisha mapokezi, maabara, akachungulia kwenye hadubini akasema inamwonyesha kope zake tu, akaona friji kubwa zinazonguruma. Mwisho tukampeleka nyuma, kwenye tanuri, tukamweleza kwamba utafiti ukiisha sampuli zote zinachomwa pale, hakuna inayobaki.

Alilitazama lile tanuri. "Kumbe hata nyinyi mna dampo," akasema. Uso ukamlegea. Akaomba kile kikopo, akakohoa sampuli safi ambayo mtu wa maabara aliisifu mpaka tukaona aibu.

Tangu hapo kila kijana niliyemfundisha nimemfundisha asiseme tu "tutachukua". Aseme pia sampuli zinaishia wapi. "Utafiti ukiisha, sampuli zinachomwa." Semeni hivyo mlangoni, mkiwa mmekaa.

Sasa nije kwenye Burma, lile soko la nyama, maana nasikia wageni miongoni mwenu wanadhani tukienda kule ni karamu.

Kila mwaka kuna kongamano la afya kule mjini, la ushirikiano: chuo kikuu, kaunti, sisi wa mitaani, na washirika kutoka nchi za nje ambao hufika wakidhani Nairobi ni joto. Siku hiyo wanasayansi chipukizi ndio wanaopewa jukwaa. Wale wakubwa hukaa chini wasikilize, jambo ambalo wengine wao hulifanya kama watu wanaong'olewa jino. Miaka ya mwanzo vijana wetu walikuwa wakienda na tai, wanarudi na vyeti, na mtaani hakuna aliyejua walichosema. Sista Nafula alichukia jambo hilo. Akaanzisha desturi: kabla ya kwenda mjini, kila kijana aueleze utafiti wake Soko la Burma, kwenye bucha ya Mutuku, mbele ya Mutuku mwenyewe na mzazi mmoja kutoka zile familia zilizoshiriki. Bila kompyuta wala picha ukutani. Muda wake ni ubao mmoja wa nyama. Mutuku akianza kukata mbuzi juu ya ubao, nawe unaanza. Nyama ikiisha mezani kabla hujafika kwenye matokeo, umeanguka, utarudia Jumamosi ijayo.

Mtaona ni mchezo. Nimeona watu wenye digrii wakitokwa jasho pale kuliko nyama iliyo juu ya makaa. Otieno, ambaye sasa ni bosi wenu na ataniwia radhi, alipokuwa chipukizi alianza na historia ya mdudu wa kifua kikuu tangu zama za Mafarao. Alipofika karne iliyopita, kulikuwa na mifupa tu. Mutuku akafuta kisu, akamwambia, "Daktari, mbuzi ameisha na mgonjwa bado hajafika hospitali."

Otieno alirudia Jumamosi tatu. Mbuzi walipungua mpaka Kajiado wanakofugwa.

Sista Nafula alipostaafu akarudi kwao Bungoma, ubao akaniachia mimi. Na mwaka wangu wa mwisho kazini aliyeketi mbele ya ubao huo alikuwa Halima.

Halima ni binti wa Eastleigh, wazazi wake ni wauzaji wa vitambaa vya jumla, na tangu utotoni amezoea kupima kitu mbele ya mteja, mteja akiona. Labda ndiyo maana. Alikuwa anasomea shahada yake kwa utafiti wa vikohozi vya watoto wa Mowlem. Nusu ya familia zilipewa majiko mapya yasiyotoa moshi mwingi, nusu nyingine zikangoja zamu yao. Jumamosi mtoto analetwa, anapuliza kwa nguvu zake zote ndani ya bomba la plastiki lililoungwa na mashine, na mashine inasema kifua chake kina pumzi kiasi gani. Mtaa mzima ulijua jibu kabla ya Halima. Majiko yalikuwa mazuri, yalimeta, yalipika maharagwe upesi. Nani angedhani hayaponyi?

Halima alikusudia kufanya duru ya pili ya utafiti huo. Bila duru ya pili shahada yake ilikwama, na sababu ya vikohozi vile ingebaki gizani. Na duru ya pili ilimhitaji Mama Kioko. Huyu ni mwenyekiti wa kina mama waliokuwa wakileta watoto, mfuaji nguo wa mtaa wa Umoja, mwanakwaya wa sauti ya kwanza. Mama Kioko akisema twende, mtaa unakwenda. Akisema tukae, hata kuku wanakaa.

Ndiye mzazi niliyemwalika Burma siku ya Halima.

Mutuku aliweka ubavu juu ya ubao. "Ni halali, binti, usiogope," akasema, "wa kuogopa ni mimi hapa na maswali yangu." Akaanza kukata. Halima naye akaanza. Alieleza majiko, akaeleza bomba, yote kabla ya ubavu wa pili. Kisha akasema, kwa sauti ileile, "Majiko hayakusaidia kikohozi. Watoto waliopata na wasiopata, wanakohoa sawasawa."

Kisu cha Mutuku kilisimama katikati ya mfupa.

"Hebu rudia," Mama Kioko akasema.

"Hayakusaidia, mama."

"Kioko wangu amepuliza hilo bomba lako mpaka mashavu yakawa ya mpiga tarumbeta. Jumamosi zote naacha nguo za watu kwenye beseni, namleta. Nimewaambia wenzangu jiko hili limekuja kuokoa vifua. Sasa unaniambia hayakusaidia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi anakohoa nini?"

"Nadhani ni moshi wa dampo, unaingia kupitia dirishani. Lakini nadhani tu. Sikuupima."

"Anadhani!" Mama Kioko akanigeukia mimi, kana kwamba Halima ni kitu nilichomuuzia. "Kilonzo, umesikia? Mwaka mzima, halafu anadhani." Akasimama, akajifunga leso upya. "Hiyo duru ya pili tafuteni watoto wengine. Wenzangu nitawaambia mwenyewe."

Akaondoka bila kugusa nyama. Mtu kuacha ubavu mezani pale Burma si jambo dogo. Watu wa meza za jirani waliacha kutafuna. Mutuku aliifunika ile nyama kwa sahani nyingine, taratibu, kana kwamba kuna mgonjwa chini yake. "Daktari," akasema, "wewe umemaliza kabla ya mbuzi. Hujaanguka. Lakini sijui kama umepita."

Halima hakulia. Alikaa akikunja na kukunjua karatasi ya chumvi. Nilijaribu kumchekesha, nikamwambia ningekuwa yeye ningebadilisha matokeo, jina, na hata mtaa. Hakucheka.

"Kweli nibadilishe, Mzee Kilonzo?" akauliza.

Nilijifanya kumwita Mutuku alete maji. Najua Sista Nafula angesema nini. Lakini Sista hakuwa na shahada inayoning'inia, na mimi pia sikuwa nayo. Ni rahisi kumshauri mtu aruke ukiwa umekaa.

Jumatatu Otieno alimwita ofisini, nami nikiwepo. Otieno si mtu mbaya, na mnamjua. Alimwambia asitumie neno "hayakusaidia" kule mjini, mbele ya washirika. Aseme "matokeo yanahitaji uchunguzi zaidi". Wakubwa wataelewa, kina mama hawataumia, na duru ya pili itapumua.

Nimeifikiria sana sentensi hiyo tangu nistaafu, maana sasa nina nafasi ya kufikiri kuliko mtu yeyote Nairobi. Haikuwa uongo. Ndio ugumu wake. Matokeo kweli yalihitaji uchunguzi zaidi. Lakini ukiibeba sentensi ile kutoka mjini mpaka Mowlem, inafika ikiwa imekufa njiani, na mtu aliyekuwa akingoja jibu anapokea maiti na kuambiwa amshukuru Mungu.

Halima alisema tu, "Nitafikiria, Daktari."

Siku ya kongamano mbingu ilikuwa ya kijivu kama sufuria ya aluminiamu. Nilifika mapema kubandika mabango. Na hapa niwape la kiufundi: bango libandikeni kuanzia juu katikati, kisha pembe. Mkianzia pembe mtapata tumbo, na hakuna anayeamini matokeo yenye tumbo. Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na beji, suti, mandazi madogo mno kwa watu wazima, na vijana wakijisemea peke yao pembeni kama wanaosali. Viti vya mbele nilikuwa nimewaachia wakubwa, na nyuma nilikuwa nimepanga viti vya wazazi, kama kawaida yetu. Vilikuwa vitupu asubuhi nzima. Kila nilipovitazama niliona duru ya pili ikiondoka.

Baada ya chai, mlango wa nyuma ukafunguka. Akaingia Mama Kioko, amevaa nguo za kanisani, na wenzake watatu nyuma yake. Wakaketi, mikoba magotini. Mama Kioko hakunisalimia. Nilijua mwanamke yule hajaacha beseni zake za Umoja ili aje kula mandazi madogo. Amekuja kutangaza.

Otieno ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kipindi. Akamwita Halima.

Halima alipanda jukwaani. Wote waliomtangulia walikuwa wamesema Kiingereza, ndiyo desturi ya pale, naye slaidi zake zilikuwa za Kiingereza. Lakini hakuanza nazo. Alitazama nyuma kabisa ya ukumbi, akasema kwa Kiswahili:

"Tulizipa familia majiko. Tulitumaini watoto watapunguza kukohoa. Hawakupunguza. Majiko hayakusaidia. Naanza na hilo kwa sababu watoto wenyewe ni wa hawa kina mama walioketi nyuma, na jibu ni lao kwanza."

Kisha akawageukia wengine akaeleza yote kwa Kiingereza. Otieno alikuwa akitazama kalamu yake. Halima alipomaliza, Otieno akauliza kama kuna maswali, na kabla hajamaliza Mama Kioko alikuwa amesimama. Nilimpelekea kipaza sauti mwenyewe.

"Mimi ni mama wa Kioko," akasema. "Nina swali moja. Kama ulidhani ni moshi wa dampo, mbona hukuupima?"

Halima alishika ukingo wa ile meza ya kusemea. Ningekuwa mimi ningesema bajeti. Ningesema mashine ilikwama bandarini. Ningesema serikali.

"Sikufikiria, mama," akasema Halima. "Nilifikiria jiko. Dirisha sikulifikiria."

Mama Kioko alibaki amesimama. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama, na nadhani hata wale washirika wasiojua neno la Kiswahili walielewa kwamba kuna kitu kinapimwa pale. Kisha akanirudishia kipaza sauti, akaketi, akaweka mkoba magotini.

Nilivuka mapumziko yaliyofuata bila kumeza hata andazi moja, jambo ambalo walionijua watathibitisha halijatokea tena. Nikamfuata Mama Kioko kwenye foleni ya chai.

"Kilonzo," akasema bila kunitazama, akijaza sukari. "Nimekuja hapa kusimama niseme watoto wetu hawapulizi tena. Hotuba nilikuwa nayo. Nimeifanyia mazoezi na kwaya nzima."

"Na sasa?"

"Sasa nini? Huyu ndiye daktari wa kwanza kuniambia hakufikiria. Wengine wote wamefikiria, na Kioko bado anakohoa." Akaonja chai, akaongeza sukari. "Mwambie aje Jumamosi. Lakini aje na hiyo mashine ya dirisha. Akija tena na bomba peke yake, nitampuliza yeye."

"Nitamwambia."

"Na jiko sirudishi. Linapika githeri vizuri."

Nilimpelekea Halima ujumbe huo neno kwa neno, pamoja na githeri. Ndipo akalia, kidogo tu, akisimama kando ya bango la mtu mwingine. Otieno alipita, akasimama, akamwambia, "Umenizidi, Halima. Mimi ningeng'ang'ana na Mafarao." Akaenda zake. Nimemheshimu tangu siku hiyo, na ninaandika hapa ili asiseme sikumwandikia zuri lolote.

Jioni, ukumbi ulipobaki na sisi tu na wafagiaji, tulikuwa tukibandua mabango. Mimi nilikuwa nimevaa fulana, shati, sweta mbili, koti, na skafu ya marehemu baba yangu. Halima aliniangalia nikihangaika kupandisha mkono juu.

"Mzee Kilonzo, leo umevaa duka zima."

Sijui ni kwa nini nilimwambia. Labda ni kwa sababu siku nzima nilikuwa nimemtazama mtu akisema jambo lilivyo, nikaona hafi. Nilimweleza yote: ukumbi wa mtaa, sindano ya spoku, fundi wa redio, kitanda kilichohama. Nilimwambia kwamba kila mwaka, majira kama haya, damu yangu inanitafuta. Alisikiliza bango likiwa limekunjwa nusu mikononi mwake.

"Huo utafiti uliokutoa damu," akauliza, "bado unaendelea?"

"Ala! Uliisha zamani. Waliokuwa wakiufanya wameshastaafu."

"Na utafiti ukiisha, sampuli zinafanywa nini? Wewe ndiye uliyenifundisha kuwaambia watu."

"Zinachomwa," nikasema.

"Siku hiyo ulisikia joto?"

Nikafikiri. "Kuna Februari moja hivi..." nikaanza.

"Mzee Kilonzo," Halima akasema, akimalizia kulikunja lile bango, "huu ni mwezi wa Julai. Nairobi nzima inasikia baridi."